Dirisha Lisilofungika

Bi Etelka alishuka ngazi na soksi za sufu,
akagonga kwangu saa tatu usiku:
"Barnabás, kompyuta yangu imeota madirisha."
Hakusema imeharibika. Alisema imeota,
kama ukuta unavyoota kuvu.

Nikapanda naye. Pécs nzima imefumbwa na baridi,
vioo vya ngazini vimeganda,
taa ya ghorofa ya nne imekufa tangu Novemba.
Sebuleni feni ya mashine ilikuwa inahema
kama mtu aliyepandisha gunia la viazi hadi juu.
Na kwenye skrini, kweli: dirisha juu ya dirisha,
moja linauza dawa ya magoti,
moja linalia king'ora,
moja, la buluu, lina maputo kila kona:
HONGERA ETELKA! UMECHAGULIWA!
Ukilifunga, linazaa pacha.

"Ulipakua nini?"
"Mitindo ya kufuma. Ya bure."
Methali ilikuwa imeshanifika mdomoni. Nikaimeza.
Mgonjwa hatibiwi kwa methali.

Kwanza nikachomoa waya wa intaneti,
maana mwizi akiwa ndani huanzi kwa kumtukana,
unaanza kwa kuziba njia anayopitishia mali.
Nikaizima, nikaiwasha katika hali salama.
Ikarudi na sura mbovu, rangi mbili tatu, herufi nene,
kama mtu aliyeamshwa bila meno yake ya bandia.
"Maskini," akasema,
akaipangusa kwa kitambaa cha vyombo.

Flashi yangu ikaingia. Msako ukaanza.
Faili elfu tano. Elfu kumi na tisa.
Akachemsha chai, akaleta jemu ya plamu na kijiko kimoja,
tukala kwa zamu kama watu wa mkesha wa msiba.
Elfu sitini. Moja ikanaswa, imejivika jina la printa.
Printa hana.
Nyingine ilikuwa ndani ya folda ya Dezső,
katikati ya sataranji yake ya barua,
miaka ishirini na miwili akicheza na Mfini mmoja
ambaye hawakuwahi kuonana.
"Hapo usifute." Mkono wake ulishanikamata kiwiko.
Nikang'oa mwiba, nikaacha nyama.
Farasi na ngome zikabaki pale pale alipoziacha,
zamu ikiwa ya Mfini.

Saa sita na robo: arobaini na tatu, zote karantini.
Nikabonyeza Futa.
Hapakuwa na mlio wala moshi.
Uchafu wa siku hizi hauachi hata harufu.
Feni ikashusha pumzi, ikatulia.

Nilitazamia asante. Yeye alikuwa amekaa,
macho kwenye kona yalipokuwa maputo.
"Nilijua ni uongo," akasema. "Sikulibofya hata siku moja.
Ila kila asubuhi lilinitaja jina.
Tangu Dezső, humu ndani hakuna kingine kinachonitaja."

Hiyo haina programu.
Nikatafuta neno, nikapata la kazi tu:
"Tubadilishe nywila."
Akaitamka kwa sauti kabla sijamzuia:
jina alilokuwa Dezső akimwitia jikoni, na mwaka.
"Hukutakiwa kunitajia, Bi Etelka."
"Nimeshakutajia."

Nikashuka nikipapasa ukuta, nimebeba siri
niliyoiogopa kuliko vile virusi vyote.

Alfajiri, nikienda zamu, nilisimama uani,
theluji hadi vifundoni.
Dirisha lake, lile la kioo na mbao,
lilikuwa wazi, anakung'uta kitambaa cha meza.
Nikaita. Si kwa lile jina, lile si langu.
"Hongera Etelka!" nikapaza, bila hata Bi,
kwa sauti ya kipuuzi, sauti ya maputo. "Umechaguliwa!"

Akalibamiza dirisha.

Kisha akalifungua tena.